Maana Yake, Kwa Mujibu wa Nani?

Claudia: kiwete.

Ndivyo orodha ilivyosema, kavukavu, kati ya Clara (mwenye kung'aa) na Clementina (mpole, mwenye huruma).

Mdogo wangu alikuwa mjamzito na alikwisha ambiwa ni mtoto wa kike. Usiku ule akaniandikia: "Dada, nitafutie jina. Liwe tamu kulitamka, na maana yake iwe nzuri. Hayo mawili tu." Nikaona kazi ndogo. Orodha za majina mtandaoni hazihesabiki, na zote zimepangwa namna moja: jina, nukta mbili, maana. Nikawa nateremka kwa kidole gumba, Agnes, Amina, Anastasia, mpaka nilipofika kwa Claudia nikakwama.

Nikarudi juu kuyasoma niliyoyapita haraka. Cecilia: kipofu. Barbara: mgeni, mtu wa lugha isiyoeleweka.

Mdogo wangu nilimtumia majina kadhaa, akashukuru, akalala zake. Mimi ndiye niliyebaki na ile orodha, na kwa wiki kadhaa nikawa nairudia kila nikipata nafasi. Kilichonikera si Claudia mwenyewe. Ni zile nukta mbili. Zinatamka kwa uhakika mkubwa kwamba jina hili ni kitu hiki, na hazisemi ni kwa mujibu wa nani. Nani alimwangalia binti mchanga akamwita kiwete?

Binti wa tatu

Hakuna aliyemwangalia.

Mzizi wa Claudia ni neno la Kilatini claudus, mtu anayechechemea, na wa Cecilia ni caecus, asiyeona. Lakini Claudius na Caecilius yalikuwa majina ya koo za Roma, koo kubwa zenye watawala na majemadari. Huenda zama za mbali sana babu mmoja alichechemea kweli. Baada ya karne kadhaa hakuna aliyesikia tena mguu wa mtu ndani ya jina hilo; walisikia mali, vyeo na mashamba.

Binti akizaliwa katika ukoo wa Claudius aliitwa Claudia. Akizaliwa wa pili, naye Claudia. Julius Caesar alikuwa na dada wawili na wote wawili waliitwa Julia. Watu waliwatofautisha kwa kuongeza Mkubwa na Mdogo, na wakizidi wawili wakahesabiwa: wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu. Brutus, mmoja wa waliomchoma Caesar visu, alikuwa na dada kwa mama ambaye historia inamjua kama Junia Tertia. Yaani Junia wa tatu. Ndugu wa kiume walipewa angalau jina la mbele, Marko au Lukio au Gayo, la kumtenga huyu na yule. Dada zao, katika karne za mwisho za Jamhuri, kwa kawaida walitosheka na jina la ukoo lililobadilishwa mwisho.

Kwa hiyo siku Claudia anapewa jina lake, maana yake haikuwa "kiwete". Ilikuwa "wa kwa kina Claudius". Kama maana ni kile alichokusudia mtoaji, orodha imekosea. Kama maana ni mzizi, orodha iko sahihi, isipokuwa inatupa habari za babu asiyejulikana na kuzibandika kwa mtoto aliyezaliwa jana.

Nilidhani hapo nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, kwa sababu yapo majina ambayo mzizi na kusudio ni kitu kimoja, waziwazi, na hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Anayesemeshwa si yeye

Katika wilaya ya Satara, jimbo la Maharashtra nchini India, kulikuwa na wasichana wengi walioitwa Nakusa au Nakushi. Kwa Kimarathi ni "asiyetakiwa". Hakuna babu wa kale hapa, hakuna neno lililosahaulika. Kila aliyeliita jina hilo alilielewa, akiwemo mwenyewe.

Nchini China kuna wanawake wanaoitwa Zhaodi, "mwite mdogo wa kiume aje", na Laidi, "mdogo wa kiume anakuja". Uturuki kuna Yeter: yatosha. Azerbaijan kuna Qızbəs, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji kamusi zaidi ya nusu: qız ni msichana, na bəs ni ile ile basi yetu, iliyotoka Uajemi ikaenda pande zote. Wasichana, basi! Japani ya zamani ilikuwa na kina Tome, "koma", na Sue, "mwisho". Korea ilikuwa na kina Malja, kitinda mimba kwa lazima.

Yatosha, njoo ule. Yatosha, umefanya kazi ya shule?

Niliyatazama majina haya kwa muda mrefu kabla ya kugundua kinachoyaunganisha, mbali na ule uchungu wa wazi. Hayamsemeshi mtoto. Zhaodi ni agizo, lakini anayeagizwa si msichana. Anayeagizwa ni kaka ambaye hata mimba yake haijatungwa. Yeter linaelekezwa kwa Mwenyezi Mungu, au kwa majaliwa, au kwa yeyote anayegawa watoto. Mtoto mwenyewe amekuwa ukuta wa kubandikia tangazo la watu wengine, na tangazo halibanduki hata akifika miaka sabini.

Halafu nikaanza kusita.

Nani alisema "yatosha"? Nilikuwa nimemweka baba mlangoni, amekunja uso, anataka mrithi. Lakini huenda aliyesema ni mama, aliyezaa mara ya saba, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kusema hapana kwa mimba ya nane isipokuwa kumpa mtoto jina na kuomba lisikike. Huko huko Uturuki kuna jina Songül, waridi la mwisho, ambalo nalo hutumika kufunga mlango lakini linafunga taratibu. Jina moja linaweza kuwa dharau kwa mtoto wa kike katika nyumba hii na kilio cha uchovu katika nyumba ya pili, na orodha itaandika neno lile lile kwa wote wawili.

Bado sijaafikiana na nafsi yangu kuhusu hili. Nakusa halina utetezi. Tome, sijui.

Kilichonisaidia kuona tofauti ni Wayoruba wa Afrika Magharibi. Wao walikuwa na imani ya abiku, mtoto anayekuja na kuondoka, anazaliwa, anakufa, anazaliwa tena kwa mama yule yule. Mtoto wa namna hiyo aliweza kuitwa Malomo: usiende tena. Hili nalo ni jina lililotoka kwenye msiba, pengine msiba mkubwa kuliko wa kukosa mrithi. Lakini linamsemesha nani? Linamsemesha yeye. Kila anapoitwa anabembelezwa abaki. Hao hao Wayoruba wana Yetunde, "mama amerudi", la msichana aliyezaliwa baada ya bibi kufariki. Hapo mtoto anapokewa kama mtu aliyekuwa anangojwa.

Na Waigbo wana jina linaloitwa Nwanyibuife. Mwanamke naye ni kitu.

Hili halimsemeshi mtoto wala Mungu. Linawasemesha majirani. Ni jibu, na jibu halitolewi mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Unaweza kuusikia ule ugomvi uliolitangulia: wageni waliokuja kutazama mtoto, wakauliza amepatikana nani, wakaambiwa ni wa kike, wakasema "aa". Mzazi akanyamaza mpaka siku ya kutoa jina.

Maua, lulu, na vita mara mbili

Nikabadili swali. Ikiwa majina ni maneno ya watu wazima, basi kwa ujumla wamekuwa wakisema nini kuhusu wasichana?

Nilijua jibu kabla ya kutafuta, na hilo lilipaswa kunitia shaka. Susana: yungiyungi. Yasmin: asumini. Margareta: lulu. Stella: nyota. Ukigeukia wavulana unakutana na simba, jiwe, mshindi, mtawala. Nilikuwa na makala nzima kichwani: wao wanapewa kazi, sisi tunapewa mapambo.

Kisha nikafika kwa Waebrania na makala ikaanza kuvunjika. Debora ni nyuki. Raheli ni kondoo jike. Yaeli ni mbuzi wa milimani, na aliyesoma kitabu cha Waamuzi anajua huyo mbuzi alifanya nini na nyundo na kigingi cha hema alipomkuta Sisera, jemadari wa adui, amelala. Japani, katika zama za Meiji, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wanawake waliitwa Kuma, dubu, na Tora, chui milia. Hakuna ua hapo.

Wajerumani wa kale ndio waliomaliza kabisa. Hilda ni vita. Matilda ni nguvu vitani. Gertrude ni mkuki na nguvu. Louise, ambalo leo linasikika kama utepe wa hariri, limetoka kwenye maneno mawili yanayomaanisha umaarufu na vita. Nikaanza kujenga makala nyingine iliyo kinyume na ya kwanza: kumbe kaskazini mwa Ulaya walimwona binti mchanga wakamwona mpiganaji!

Hedwig ndiye aliyenizuia.

Hedwig limeundwa na vipande viwili. Cha kwanza maana yake vita. Cha pili maana yake vita. Mtu anayechagua jina kwa maana yake hamwiti bintiye Vitavita. Ukweli ni kwamba majina hayo yaliunganishwa kwa vipande, na familia nyingi zilichukua kipande kutoka jina la baba au babu na kingine kutoka kwa mama au shangazi, vikaunganishwa ili jina lisikike kuwa la nyumba ile. Vipande vyenyewe vilikuwa hazina ya zamani iliyojaa mikuki na umaarufu kwa sababu nyimbo za mashujaa zilijaa hivyo. Vikiungana vikatoa kitu chenye mantiki, sawa. Visipotoa, sawa pia. Kusudi lilikuwa kwamba ukimwita huyu, unamkumbuka yule.

Makala zangu mbili zikafa siku moja. Sikusikitika sana, zote mbili zilikuwa za kuchosha.

Somo

Kama kuna hatua ambapo fikra zangu ziligeuka, ni hapa, na aliyezigeuza ni jina ambalo kila msomaji wa ukurasa huu analijua. Khadija.

Mzizi wake katika Kiarabu unahusu kuzaa kabla ya wakati. Lilikuwa neno la ngamia jike aliyeshusha mimba kabla haijakomaa. Kwa mzizi, Khadija ni njiti. Fatuma nalo lina mzizi wa kumwachisha mtoto ziwa. Sasa tafuta mzazi mmoja, popote duniani, aliyemtazama bintiye wa miezi tisa kamili akasema: tumwite Khadija kwa kuwa amezaliwa mapema. Hayupo. Wamemwita Khadija kwa sababu ya Khadija: mfanyabiashara, mke wa Mtume, wa kwanza kumwamini. Wamemwita Fatuma kwa sababu ya Fatuma, binti yake Mtume. Maana ya jina hapa ni mtu.

Kiswahili kina neno somo kwa mnayechangia naye jina, na nadhani orodha za majina zingekuwa na heshima zaidi kama safu ya pili ingeandikwa hivyo. Si "maana". "Somo wake".

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa dada wawili. Mwaka 1819, wazazi wa Kiingereza waliokuwa wakizunguka Italia walipata binti mjini Naples. Wakampa jina la Frances Parthenope. Parthenope ni jina la kale la Kigiriki la makazi yaliyokuwa mahali pale, na ndani yake mna neno la mwanamwali. Mwaka uliofuata wakapata wa pili, safari hii mjini Florence. Wakamwita Florence. Utaratibu ulikuwa ule ule, yaani jina la mahali mtoto alipozaliwa. Tusisahau kwamba zamani hizo Florence halikuwa jina la kawaida la mwanamke wa Kiingereza.

Kisha vikaja Vita vya Crimea, na Florence Nightingale akaenda kuwauguza majeruhi. Aliporudi mwaka 1856, wasichana wengi Uingereza walikuwa wakipewa jina lake, na lilisambaa mpaka nchi ambazo yeye hakuwahi kuzikanyaga. Mzizi wa Kilatini unasema "mwenye kuchanua". Wazazi wake walichosema ni kwamba tulikuwa Italia wakati ule. Mama wa mwaka 1857 aliyemwita bintiye Florence alikuwa anasema kitu cha tatu kabisa: taa, wodi, askari anayepona. Haya yote yamo katika herufi nane.

Na Parthenope? Alikuwa mwandishi, aliolewa na mtu mwenye cheo, aliishi maisha ya kuheshimika. Jina lake halikumfuata mtu. Wazazi wale wale, mantiki ile ile, mzizi mzuri vilevile kama hupendi maua. Alichokosa ni kina somo.

Jina jema hung'ara gizani, na methali hiyo haikuwahi kuzungumzia mizizi.

Tazama pia Malala. Kwa Kipashto jina hilo ni la mtu aliyegubikwa na huzuni. Malala Yousafzai, aliyezaliwa mwaka 1997 katika bonde la Swat nchini Pakistan, amesimulia kwamba babu yake hakulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Baba yake hakuwa akifikiria huzuni. Alikuwa akimfikiria Malalai wa Maiwand, msichana ambaye masimulizi ya Wapashtuni yanasema aliwatia moyo wapiganaji wao dhidi ya Waingereza mwaka 1880. Babu alisoma mzizi, baba akamsoma somo. Mwaka 2014 mjukuu alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa na miaka 17, na sasa kuna watu wa mabara mengine wanaolisikia jina hilo bila huzuni wala Maiwand ndani yake. Wanamsikia yeye.

Somo anapokuwa mkubwa mno

Nilipoandika sehemu iliyotangulia nilidhani nimepata kanuni. Kanuni hazipendi Bikira Maria.

Kuna mahali ambapo jina lake lilikuwa takatifu kiasi cha kutogusika. Marie Louise Gonzaga alipokwenda Poland mwaka 1646 kuolewa na mfalme, ilibidi awe Ludwika, kwa kuwa Maria lilikuwa la Mama wa Mungu na halikumfaa hata malkia. Waairishi walitatua kwa herufi: Muire ni yeye, Máire ni wanawake wengine wote. Ukubwa wa somo ulilifunga jina badala ya kulieneza.

Wahispania walikwenda njia nyingine. Walilitumia jina pamoja na cheo chake: María de los Dolores, Maria wa Mateso, María de la Soledad, Maria wa Upweke, María de las Mercedes, Maria wa Rehema. Kisha wakaacha "María" ipotee katika matumizi ya kila siku. Ndiyo sababu kuna bibi wachangamfu wanaoitwa Mateso na Upweke na hakuna anayewaonea huruma. Orodha ikikuambia Dolores ni "maumivu", imekata sentensi katikati.

Mercedes safari yake ilikuwa ndefu zaidi. Mfanyabiashara Emil Jellinek alimwita bintiye hivyo nyumbani, akalitumia jina hilo kwa magari aliyokuwa akiyanunua na kuyauza, na mwaka 1902 likasajiliwa kama alama ya biashara. Sasa ukilitaja, watu wengi wanaona nyota ya ncha tatu kabla ya kuona rehema.

Na yapo majina yaliyosafiri kwa kutafsiriwa, jambo ambalo kwa majina ni nadra. Wakristo wa Kigiriki walikuwa na watakatifu watatu dada: Pistis, Elpis na Agape. Warusi hawakuchukua sauti. Walichukua maana, wakapata Vera, Nadezhda na Lyubov. Ukizungumza Kiswahili unawajua: Imani, Tumaini na Upendo. Hapo, kwa mara moja, nukta mbili za orodha zinasema kweli tupu.

Wapuritani wa Kiingereza walilichukua wazo hilo wakalikaza mpaka likaanza kuuma. William Brewster, mzee wa kanisa aliyevuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, alikuwa na mabinti walioitwa Patience na Fear: Subira na Hofu, hofu ya Mungu. Nilitaka kusema kwamba mabinti ndio wanaopewa subira na hofu, lakini wawili kati ya wana wake wa kiume waliitwa Love na Wrestling, Upendo na Mieleka, kwa hiyo nitanyamaza.

Kinyumenyume

Huwa nakutana na watu wanaoyadharau majina mapya. "Hayana maana," wanasema.

Katika Umoja wa Kisovieti, baada ya Mapinduzi, wazazi waliwaita mabinti zao Ninel. Lisome kutoka mwisho: Lenin. Mwaka 2000, mwanamuziki mmoja wa Marekani alionekana kwenye televisheni na bintiye aitwaye Nevaeh, ambalo ukilisoma kutoka mwisho unapata neno la Kiingereza la mbingu. Mwaka uliofuata jina hilo liliingia katika majina elfu moja yanayoongoza kwa wasichana nchini humo. Mmoja aligeuza mkana Mungu, mwingine akageuza makazi ya Mungu, kwa mbinu ile ile. Sijui jina gani lina kusudio la wazi zaidi ya hayo mawili.

Kwa upande mwingine, chukua Madison. Ni jina la ukoo la Kiingereza, na ile "son" ya mwisho ni mwana wa kiume wa mtu. Filamu ya mwaka 1984 ilimpa nguva wa kike jina hilo kwa mzaha, akilisoma kwenye kibao cha barabara. Mwaka 2001 likawa la pili kwa wasichana Marekani. Mzaha ulisahaulika, mwana wa kiume akasahaulika, yakabaki mabinti wa watu.

Vanessa lilitungwa na mwandishi Jonathan Swift, kwa kuchukua mwanzo wa jina la ukoo la rafiki yake, Esther Vanhomrigh, na kulifunga na kifupi cha Esther. Imogen, wataalamu wengi wanaamini, ni kosa la mpiga chapa wa mwaka 1623 aliyesoma herufi n mbili kama m moja. Shakespeare alikuwa ameandika Innogen. Ukiuliza maana ya Imogen, jibu la haki ni "wino".

Na bado kuna kina Imogen wanaolivaa jina hilo kwa raha zao, wala hakuna anayewaambia warudishe n.

Kwenye makaratasi

Mwanzoni mwa karne ya 11, mwanamke mmoja wa ikulu ya Japani aliandika kisa kirefu cha mwanamfalme Genji, kinachohesabiwa na wengi kuwa riwaya ya kwanza duniani. Tunamwita Murasaki Shikibu. Shikibu ni idara aliyofanyia kazi baba yake. Murasaki ni mhusika katika kitabu chake mwenyewe. Jina alilopewa alipozaliwa halikuandikwa popote tunapoweza kulisoma kwa hakika; alijulikana kwa kazi ya baba, kama Claudia alivyojulikana kwa ukoo, mpaka wasomaji walipompa jina la mtu aliyemtunga yeye.

Karibu miaka elfu moja baadaye, Iceland, nchi ambayo huandika kila kitu, ilikuwa na tatizo la namna nyingine. Huko kulikuwa na orodha rasmi ya majina yanayoruhusiwa, ya kike kando na ya kiume kando, na tangu mwaka 1991 kuna kamati ya kuamua yapi yaongezwe. Mama mmoja alimbatiza bintiye Blær, upepo mwanana. Jina zuri kwa kila kipimo cha mdogo wangu. Lakini nomino yenyewe katika sarufi ya Kiaisilandi ni ya jinsia ya kiume, na kamati ikakataa, ingawa kulikuwa na mwanamke mwingine nchini aliyekwisha ruhusiwa kuitwa hivyo.

Serikali haiwezi kumwacha raia bila jina kwenye mafaili. Kwa hiyo kwa miaka 15, katika nyaraka zote za serikali, aliandikwa Stúlka.

Stúlka ni "msichana".

Nilisoma hilo nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Baada ya njiti, kiwete, asiyetakiwa, yatosha, nyuki na vitavita, hili ndilo jina pekee ambalo nukta mbili zake hazina la kubishaniwa. Mzizi ni msichana. Kusudio ni msichana. Ni sahihi kwa kila mmoja wao, ndiyo maana halikumfaa hata mmoja.

Yeye na mama yake walikwenda mahakamani. Januari 2013 mahakama ya Reykjavik ikaamua kwamba ana haki ya kuitwa Blær, na mwaka 2019 sheria ya nchi ikaondoa kabisa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume. Waandishi wa habari walipomuuliza siku ya hukumu, msichana alisema amefurahi kwamba yameisha, na kwamba sasa itabidi ashughulikie vitambulisho vipya, akianza na pasipoti.